Bisibisi ya Plastiki

Mjomba wangu alikuwa na bisibisi moja ya plastiki, ya manjano, ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Zile za chuma tulizitumia tutakavyo: kung'oa misumari, kufungua mikebe ya rangi, kutoboa vifuniko vya soda vya magari yetu ya waya. Hii ya plastiki ilikaa peke yake ndani ya mkebe wa rangi ya viatu, imeviringishwa kwa kitambaa. Kibanda chake cha redio kilikuwa Rhonda, kando ya barabara inayokwenda Kaptembwa: mabati, kaunta ya mbao na balbu moja iliyoning'inia. Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kupangusa vumbi, na vumbi la Nakuru halipanguswi likaisha. Husemwa kwamba jina lenyewe la mji limetokana na Kimaasai, maana yake mahali pa vumbi, na aliyekaa Rhonda mwezi wa Februari hana haja ya kubishana na hilo.

Redio iliyopoteza stesheni ililetwa ikiwa imefungwa kwa leso. Mjomba aliifungua mgongo, akaiwasha, akainamisha kichwa. Ndani, juu ya ubao wa saketi, mlikuwa na visanduku vinne vya bati, kila kimoja kidogo kuliko kucha ya kidole gumba, na katikati ya kila kimoja kichwa cha skrubu chenye rangi yake: chekundu, cha manjano, cheupe, cheusi. Chini ya kila kichwa mna koili ya waya mwembamba na kipande cha feraiti kinachopanda na kushuka unapokizungusha. Chekundu hushughulika na kuchagua stesheni. Hivyo vitatu vingine huchuja: hupitisha mawimbi ya kilohezi 455 na kuyafungia mlango mengine yote. Mjomba aligusa cha manjano, mzunguko usiofika hata robo, akasikiliza. Akaenda kwa cheupe, akasikiliza. Akafika kwa cheusi. Halafu akarudi kwa cha manjano, ambacho kwa macho yangu kilikuwa kimeshakaa sawa, akakigusa tena.

"Mjomba, si hicho ulishamaliza?"

"Nilikimaliza mwenzake akiwa hajasogea."

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba sentensi hiyo ilikuwa ufundi mzima.

Sababu ya plastiki nayo alinifundisha baada ya hasara. Siku moja alikuwa ameenda mjini kununua vipuri, nami nikaona nimetazama vya kutosha. Nikachukua bisibisi ya chuma, nikakikaza kile cheupe. Sauti ikapanda vizuri sana, nikafurahi, nikaondoa mkono, na sauti ikaondoka pamoja nao. Nikakaza zaidi. Feraiti ni kitu kikavu kama kigae. Ikalia kidogo, ikapasuka. Mjomba aliporudi hakunipiga. Alinikalisha kwenye kigoda, akanionyesha: chuma kikikaribia koili, koili hubadilika, kwa hiyo unachosikia ni redio pamoja na bisibisi yako. Ukiiondoa, unabaki na redio ambayo hujawahi kuipima. Ndipo akafungua mkebe wa rangi ya viatu, akaniwekea ile ya manjano mkononi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nyepesi kama kijiti cha kiberiti.

Kila alipomaliza, aliwasha mshumaa, akadondosha tone la nta juu ya kila kichwa ili mtikisiko wa matatu usije ukayavuruga aliyoyapanga. Kabla nta haijakauka aliibonyeza kidogo kwa kidole.

Redio hizo nilizirithi zikiwa zinakufa. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na miaka iliyofuata mitaro ikachimbwa kutoka Pwani hadi huku kwetu, nami nikajikuta fundi wa faiba. Wazee wa mtaa waliona nimeacha kazi ya mjomba. Mimi naona nilibadilisha tu kitu kinachopita ndani ya waya.

Niruhusu nikuonyeshe kazi yenyewe, maana wengi wanatuona juu ya ngazi na hawajui tunafanya nini. Uzi wa kioo, ukishauvua maganda, una unene wa maikromita 125, kama unywele. Lakini mwanga haupiti katika unene wote huo. Unapita katika kiini cha katikati chenye upana wa maikromita 9 hivi. Viini vya namna hiyo zaidi ya 100 vingeweza kulala ubavu kwa ubavu ndani ya milimita moja. Kuunganisha nyuzi mbili ni kuvikutanisha viini viwili vya ukubwa huo. Unaupangusa uzi kwa spiriti mpaka ulie chini ya kitambaa. Unaukata. Unaulaza kwenye mashine, mashine inazisogeza ncha mbili zitazamane, cheche inaruka kati ya sindano mbili, na kioo kinayeyuka na kushikana. Kiungo kizuri hupoteza dezibeli 0.02, kiasi ambacho mwanga wenyewe hauhisi. Lakini chembe moja ya vumbi la Rhonda ikitua juu ya ncha, ni jabali katikati ya barabara. Ndiyo maana utaniona nimejifunika mwavuli mchana usio na mvua, nimeupa upepo mgongo.

Kukata ndiko ninakokupenda. Kioo hakikatwi kama waya. Unakikwaruza kidogo sana kwa gurudumu gumu, unakitia mvuto, na ufa unakimbia wenyewe kutoka upande mmoja hadi wa pili, ukiacha uso uliolala sawa kama maji ya asubuhi. Ukikosea kwa zaidi ya digrii moja, mashine inakukataza kuendelea. Nilipoufahamu ufa huo nilitambua kwamba sikuwa wa kwanza kuusoma katika nchi hii. Bonde la Ufa ni nchi ya kioo. Milima ya Eburru ilitapika kioo cheusi cha volkano, na watu wakakisoma. Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa kioo hicho mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Hyrax Hill, papa hapa Nakuru, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937, ardhi ilitoa visu vyembamba vya kioo hicho hicho, kazi ya watu wa enzi za karibu zaidi. Aliyekaa pale na jiwe mkononi alijua kwamba ufa hauamrishwi. Unaandaliwa njia, kisha unaachwa uende.

Sasa nifike ninakokwenda. Kuna mafundi wengine wa mwanga, mbali na hapa, ambao sijapata kuwaona kwa macho, lakini nasoma kazi yao jinsi mwanakwaya anavyosikiliza kwaya ya kanisa jingine. Wao hawausafirishi mwanga tu. Wanaufundisha kufikiri.

Haja ya kazi yao inaonekana kutoka hapa kwetu. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, kitumie umeme wa mvuke wa ardhini, awamu ya kwanza ikitajwa kuwa ya megawati 100. Ubongo wa mwanadamu, wenye nyuroni bilioni 86 hivi, hutumia wati kama 20. Piga hesabu: megawati 100 zingetosha bongo milioni 5, na Kaunti ya Nakuru yote, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na watu milioni 2.16. Yaani umeme wa awamu moja ungeendesha bongo za kaunti hii mara mbili na zaidi. Kuna kitu ubongo unakijua ambacho kompyuta zetu hazijakijua.

Swali hilo si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Carver Mead, huko California, alianza kujenga saketi zinazoiga neva, akatoa jina la fani nzima. Kwabena Boahen, mzaliwa wa Accra, alifuata njia hiyo hadi Chuo Kikuu cha Stanford, ambako kundi lake lilijenga Neurogrid, mashine ya kuiga nyuroni milioni moja kwa wati chache tu. Hao walitumia umeme. Wengine waliutazama mwanga. Mwaka 1985 Nabil Farhat, Demetri Psaltis na wenzao walionyesha mtandao wa nyuroni 32 uliofanya kazi kwa taa ndogo, kioo chenye madoa, na vipokea mwanga: taa zinawaka, mwanga unapita katika madoa mengine mazito mengine mepesi, na unaofika upande wa pili unakuwa umeshapigiwa hesabu. Maana mtandao wa nyuroni, ukiuvua nguo zake zote, ni kuzidisha na kujumlisha. Kila ujumbe unazidishwa kwa uzito wake, kisha jumbe zote zinajumlishwa. Mwanga unaopita katika kioo cheusi kidogo umezidishwa tayari. Miali miwili inayokutana imejumlishwa tayari. Haikuhitaji mtu wa kushika kalamu.

Leo kioo chenye madoa kimekuwa chipu ya silikoni ndogo kuliko kitambulisho, yenye vijia vya mwanga vyembamba, nusu ya maikromita tu kwa upana. Na kipimo kinachoumiza mtu wa faiba ni hiki: katika uzi wangu mwanga husafiri kilomita 10 ndipo upoteze dezibeli 2. Katika vijia vingi vya silikoni hupoteza kiasi hicho hicho kwa sentimita moja. Kuta zao hazijalala sawa vya kutosha, na kila kikwaruzo cha ukuta kinaupepeta mwanga nje. Hao wenzangu wanafanya kazi gizani zaidi kuliko mimi.

Kiungo kikuu cha chipu hizo kina majina ya Ludwig Zehnder na Ludwig Mach, walioandika juu ya chombo hicho mwaka 1891 na 1892. Chukua karai la maji, litulize kivulini. Gusa maji kwa vidole viwili kwa pamoja. Viduara viwili vitapanuka, na vinapokutana utaona mahali kilele kinakutana na kilele, maji yakapanda maradufu, na mahali kilele kinakutana na bonde, maji yakatulia kana kwamba hakuna aliyeyagusa. Mwanga ni hivyo hivyo. Ndani ya chipu mwali mmoja unagawanywa njia mbili, kisha njia zinakutana tena. Juu ya njia moja kuna hita ndogo sana. Ukiipasha moto, silikoni iliyo chini yake inaupunguzia mwanga mwendo, wimbi moja linachelewa kidogo kuliko mwenzake, na kwa kuchelewa huko unaamua: wakutane kilele kwa kilele, au kilele kwa bonde, au popote katikati. Hiyo ndiyo skrubu ya feraiti. Ndicho kichwa cha manjano, cheupe, cheusi.

Mwaka 2017 kundi la chuo cha MIT, Marekani, wakiwamo Yichen Shen, Nicholas Harris, Dirk Englund na Marin Soljačić, lilichapisha kazi iliyotumia viungo 56 vya aina hiyo. Waliifundisha chipu kutambua irabu. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini, maana irabu ndiyo sauti ya kwanza ya shule. Pita nje ya darasa la chekechea Rhonda saa tatu asubuhi uwasikie watoto wakizipiga a, e, i, o, u mpaka mabati yanatetemeka. Watu 90 walitamka irabu 4 kila mmoja, za Kiingereza bila shaka, chenye irabu za kupotosha kuliko zetu. Nusu ya sauti hizo 360 zilitumika kufundishia na 180 zikabaki za mtihani. Sehemu moja ya hesabu bado ilifanywa na kompyuta ya kawaida, lakini ule mzigo mzito wa kuzidisha na kujumlisha uliachiwa mwanga. Chipu ilitambua 138. Kompyuta ya kawaida, kwa mtandao ule ule, ilitambua 165.

Wapo wanaosoma hapo wakaona mwanga umeshindwa. Mimi niliona shamba la fundi. Tofauti ya irabu 27 haikutoka katika wazo, kwa sababu wazo lilikuwa moja kwa mashine zote mbili. Ilitoka katika mambo ambayo mjomba angeyatambua bila kuambiwa: hita ambazo haziwezi kusimama penye kipimo haswa, vipokea mwanga vyenye mngurumo wao, na joto linalovuja kutoka hita moja kwenda kwa jirani.

Hilo la joto mtu wa Rhonda halimpi shida. Tunaishi katika ploti. Vyumba kumi kwa safu, ukuta wa mabati katikati. Mama wa chumba cha tatu akiwasha jiko la makaa kupika githeri, wa chumba cha nne anaota moto bila kununua makaa, na mtoto wa chumba cha pili anaanza kutoka jasho. Ukitaka chumba cha tano kiwe na joto fulani, huna budi kujua nani anapika leo, na saa ngapi. Chipu ni ploti. Unairekebisha hita ya kwanza ikakaa vizuri, unaigusa ya pili, na ya kwanza imeshahama. Nilikimaliza mwenzake akiwa hajasogea. Kwa hiyo mafundi hao hupima kila hita peke yake, wakipandisha volteji hatua kwa hatua na kuandika mwanga unavyopanda na kushuka, kisha hupima kila hita inavyowasumbua majirani, halafu huzunguka tena, na tena, kila mzunguko ukiwa mdogo kuliko uliotangulia. Siku nzima inaweza kuishia hapo kabla chipu haijafundishwa irabu hata moja.

Ziko chipu nyingine zinazotumia pete. Huko Princeton, kundi la Paul Prucnal liliwekea kila rangi ya mwanga pete yake, na rangi hizi ni zile za giza ambazo jicho halizioni. Pete inanyakua rangi inayolingana na mzunguko wake na kuziachia nyingine zipite, na ukiipasha moto kidogo inanyakua nusu, au robo, kadiri ya uzito unaoutaka. Ni redio kabisa: kila pete ina stesheni yake. Lakini ni redio yenye wivu wa hali ya hewa. Pete ya silikoni huhama karibu nanomita 0.08 kwa kila digrii moja ya joto, na rangi jirani mara nyingi hupangwa umbali wa nanomita 0.8. Digrii 10, na pete imehamia stesheni ya jirani. Nakuru, mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari, asubuhi ya Januari unatoka na koti na saa saba mchana umelifunga kiunoni. Zaidi ya digrii 10 zimepita kabla ya chakula cha mchana. Chipu ya namna hiyo, ukiiweka wazi juu ya kaunta ya mjomba, ingehamia stesheni ya jirani kati ya alfajiri na adhuhuri. Ndiyo maana inalazwa juu ya sahani inayotunziwa joto lake, na ndiyo maana fundi wake hamalizi kazi kamwe. Anaipanga kila siku.

Na bisibisi ya plastiki je? Nilitafuta muda mrefu kujua kama wanayo. Shida yao ni kubwa kuliko ya mjomba: ili kujua mwanga uko kiasi gani ndani ya kijia, njia ya kawaida ni kuchota kidogo na kuupima, na kila unapochota umeupunguza. Ukiwa na vijia mia na unachota katika kila kimoja, mwishoni unapima machoto yako. Mwaka 2014 Francesco Morichetti, Andrea Melloni na wenzao wa Milano, Italia, walieleza kipimo kisichogusa. Mwanga unapopita katika silikoni, kwenye nyuso za kijia huamsha chembe chache za umeme, jambo ambalo lingetokea hata kama hakuna anayepima. Wao huweka vipande viwili vidogo vya chuma kwa mbali kidogo, hupitisha umeme mwepesi, na husikia jinsi silikoni ilivyobadilika kwa chembe hizo. Mwanga unaendelea na safari yake bila kutozwa chochote. Siku niliyosoma hilo nilikwenda kwenye sanduku langu la vyombo, nikafungua mkebe wa rangi ya viatu, nikaitazama ile ya manjano.

Kuna hatua moja zaidi, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Miaka mingi watu waliichora chipu kwenye kompyuta, wakaufundisha ule mchoro mpaka ukafaulu, kisha wakahamisha vipimo vya mchoro kwenye chipu halisi. Chipu halisi ikakataa. Bila shaka ilikataa. Mchoro hauna ukuta uliokwaruzika, wala hita iliyolegea, wala jirani anayepika githeri. Mwaka 2022 Logan Wright, Tatsuhiro Onodera, Peter McMahon na wenzao wa Cornell walionyesha njia ya kukifundisha kitu chenyewe kikiwa na kasoro zake. Ujumbe unapitishwa katika kifaa halisi, jibu halisi linachukuliwa, na mchoro unatumika tu kukisia ni upande gani wa kusahihisha. Mchoro ukikosea kidogo haidhuru, kwa sababu kila mara unarudi kuuliza kifaa. Walijaribu kwa mwanga, wakajaribu kwa saketi ya umeme, na wakajaribu kwa bamba la titani lililobandikwa juu ya spika, likitikiswa, likajifunza kutambua tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Bamba juu ya spika! Mjomba angefunga kibanda siku hiyo akaja kunitafuta.

Mwaka uliofuata, 2023, Sunil Pai na wenzake wa Stanford walikwenda mbali zaidi. Waliupitisha mwanga mbele ndani ya chipu, wakapata kosa, kisha wakaurudisha mwanga uliobeba kosa hilo kinyumenyume kupitia vijia vile vile. Mahali mwanga wa kwenda na wa kurudi unapokutana, chipu yenyewe inakuonyesha kila skrubu ilichangia kosa kiasi gani. Huhitaji kukisia. Unakiuliza chombo kimekosea wapi, nacho kinajibu kwa lugha ile ile kinayofanyia kazi.

Nimefanya kazi na vijana wengi juu ya ngazi, na nimeona aina mbili. Wa kwanza huamini karatasi: ramani inasema kiungo kiko mita 40 kutoka kwenye nguzo, atachimba mita 40, na akikosa atachimba tena papo hapo. Wa pili hutuma mwanga ndani ya uzi na kusubiri unaorudi. Kila kiungo, kila mkunjo, kila ufa huurudisha mwanga kidogo, na kwa muda unaochukua kurudi unajua umbali, maana ndani ya kioo mwanga huenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Huyo wa pili huutegea uzi sikio. Katika mitaa kama yetu, ambako mitaro hufukuliwa usiku na nguzo huhamishwa bila karatasi kujua, ndiye pekee anayerudi nyumbani mapema. Namheshimu fundi wa chipu za mwanga kwa sababu amekataa kukitukana kitu halisi kwa kukilinganisha na mchoro. Amekubali kila chipu itoke kiwandani na tabia yake, mbili zilizotoka pamoja zisifanane, na akaifanya tabia hiyo kuwa mahali pa kuanzia.

Nta nayo wameitafuta. Hita ina ubaya wake: ukizima umeme, chipu inasahau yote. Kwa hiyo mwaka 2019 Johannes Feldmann na wenzake wa Münster, Oxford na Exeter walitumia aina ya madini inayojulikana kwa waliowahi kuandika na kufuta DVD. Pigo la mwanga huibadilisha iwe ya fuwele au iwe kama kioo, nayo hukaa hivyo bila kulishwa umeme, ikipitisha mwanga mwingi au kidogo. Mtandao wao ulikuwa na nyuroni 4 na sinepsi 60, yaani viungo vya kupokelea jumbe, na ulijifunza kutambua maumbo. Kwa idadi ni kitu kidogo mno. Lakini ulikumbuka bila kushikiliwa, na tone lake la nta linaweza kuyeyushwa likamwagwa upya kila somo linapobadilika.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa karibu na ua wa mbuga, upande wa ziwa, aliniletea redio. Hakujua kwamba siku hizi nashughulika na faiba. Alimtafuta fundi wa zamani, akaambiwa hayupo tena duniani, akaelekezwa kwa mpwa wake. Ilikuwa imefungwa kwa leso. Niliiweka mezani, nikafungua mgongo, nikapuliza vumbi. Visanduku vinne vilikuwa pale, na juu ya kila kimoja nta, imegeuka rangi ya chai. Niliileta hadubini yangu ya kukagulia faiba karibu. Juu ya nta ya kile cheupe kulikuwa na mistari ya kidole gumba, imekolea kama muhuri.

Bisibisi nilikuwa nimeshaitoa kwenye mkebe. Niliirudisha. Ubovu ulikuwa kwenye springi ya betri iliyoshika kutu. Niliisugua kwa msasa, nikaweka betri, nikawasha.

"Imekubali?" mzee aliuliza kutoka mlangoni.

"Imekubali, mzee. Humu ndani sikugusa kitu."